Nyumba niliyoijenga bondeni kwa fedha za bwawa la Rufiji

Januari 2021 nilipanda gari Ikwiriri kwenda Mloka nikiwa na begi moja, chandarua, na namba ya simu ya mjomba aliyekuwa ametangulia kule kwenye bwawa la umeme la Julius Nyerere. Miezi miwili kabla ya hapo, Novemba 2020, Mto Rufiji ulikuwa umeshachepushwa. Maji niliyoyaona tangu utoto yakipita karibu na kijiji chetu upande wa Muhoro, sasa kule juu yalikuwa yanapitishwa kwenye handaki lililotobolewa ndani ya mwamba, ili sakafu ya mto ikauke na ukuta ujengwe. Mjomba aliniambia kwenye simu, "Njoo, mpwa wangu, uone Rufiji unavyoweza kutembelewa kwa miguu." Nilidhani ananivutia tu nikubali kazi.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaotamani kwenda kufanya kazi kwenye miradi mikubwa ya mabwawa, na kwa ajili ya familia zinazoishi upande wa chini wa bwawa, kama sisi. Mimi nimekuwa kote kuwili. Kosa langu kubwa ni kwamba nilipokuwa kibarua wa bwawa nilijiona tayari nimeujua mto, nikaacha kuwasikiliza watu walioishi nao.

Kwa asiyejua: Kilombero na Luwegu zikikutana ndipo unapozaliwa Rufiji, na Ruaha Mkuu unaingia humo juu kidogo ya korongo ambalo bwawa limejengwa. Yaani mvua nyingi ya Mbeya, Iringa, Njombe na Morogoro inapita mlango mmoja. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 kulikuwa na mipango ya kuzuia maji pale, na ndiyo maana mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, ikawekwa mahali pamoja: megawati 2,115. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019. Nilipofika, eneo lilikuwa tayari kama mji uliojengwa katikati ya pori la wanyama. Usiku unasikia mashine, na mashine zikinyamaza kidogo unasikia simba.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia. Watu wengi hudhani zege la bwawa linamwagwa likiwa majimaji kama la lenta. Lile la ukuta mkubwa lilikuwa kavu, ukilishika linafanana na udongo wenye unyevu. Linaletwa, buldoza linalitandaza tabaka la kama sentimita 30, rola la mtetemo linapita juu yake mpaka likaze, kisha tabaka lingine. Hivyohivyo usiku na mchana, hadi ukuta ufike mita 131 kwenda juu na uzidi kilomita moja kwa urefu. Kabla ya tabaka jipya sisi tulisafisha uso wa lile la chini: ufagio, upepo wa kompresa, maji. Nilikuwa naona aibu kuwaambia watu wa nyumbani kwamba nimekwenda kufagia, mpaka siku msimamizi wetu alipopiga magoti akanionyesha kwa kidole mshono kati ya tabaka mbili. Alisema maji hayatoboi zege zuri, yanatafuta mahali ambapo zege la jana na la leo havikushikana. Tangu siku hiyo nilifagia kwa moyo.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa madogo lakini yalinigharimu. Chandarua nilichobeba kilikaa kwenye begi miezi mitatu kwa sababu chumba tulilala wengi na joto lilikuwa kali. Niliugua malaria mara mbili, siku tisa jumla, na kibarua wa siku halipwi siku ambazo hakuingia kazini. Ukipewa ajira, uliza kabla ya kusaini kama siku za ugonjwa zinalipwa, na kama ni ajira ya siku, ya mwezi au ya mradi mzima. Mimi niliona aibu kuuliza. Karatasi ilikuwa ya kurasa nne, nikasaini ukurasa wa mwisho nikiwa nimesimama.

Kosa la pili lilikuwa la makato. Kampuni ndogo niliyoanza nayo ilikuwa inanikata fedha za NSSF kila mwezi, na karatasi ya mshahara ilionyesha hivyo. Nilipokuja kuangalia taarifa ya michango yangu baada ya miezi saba, iliyokuwa imeingia ilikuwa ya miezi mitatu. Kilichoniokoa ni mjomba, ambaye alinilazimisha tangu mwanzo kupiga picha kila karatasi ya mshahara na kuituma kwa mama, maana simu yangu inaweza kupotea. Nilihamia kampuni nyingine, nikafuatilia kwa karibu mwaka mzima, na ile michango ya miezi minne ikaingia. Wenzangu watatu waliochana karatasi zao hawakupata kitu. Usingoje mradi uishe ndipo ukaulize. Kampuni ndogo zikimaliza kazi yao zinaondoka, na unabaki unapiga simu isiyopokelewa.

Kulikuwa na mzee mmoja fundi wa nondo aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi wa umeme wa Kihansi katika miaka ya 1990. Jioni alikuwa anatusimulia habari za chura wa kule. Ni chura mdogo, hafiki hata urefu wa dole gumba, na alikuwa akiishi mahali pamoja tu duniani, kwenye rasharasha za maporomoko ya Mto Kihansi. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua. Ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia maji, na baadhi ya vyura wakapelekwa Marekani kufugwa, na porini wakatoweka. Yule mzee alikuwa akisema, "Maji ya mashine yalipimwa mapema. Maji ya chura yalipimwa baadaye." Tulikuwa tunacheka, mtu mzima kumhurumia chura. Sikufikiria kabisa kwamba na kwetu Muhoro tunaishi chini ya ukuta, na kwamba kuna maji yetu pia ya kupimwa.

Tarehe 22 Desemba 2022 ujazaji wa maji ulianza. Rais alikuja, njia ya mchepuko ikafungwa. Mimi nilikuwa mbali, kwenye mlima wa kokoto, lakini nilitokwa na machozi na sioni haya kusema hivyo. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nimetembea kwenye kitako cha mto, mahali ambapo hakuna Mrufiji aliyewahi kukanyaga. Sasa maji yalikuwa yanapanda kufunika nyayo zetu. Ziwa lilianza kuonekana, ziwa litakalobeba mita za ujazo zaidi ya bilioni 30. Nikajiambia: maji yote yale yaliyokuwa yanatuzamisha, sasa yana pa kukaa.

Wazo hilo ndilo lililoniponza.

Mkataba wangu uliisha Juni 2023. Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 11,400,000, fedha ambazo kwetu hakuna aliyewahi kuzishika kwa mara moja isipokuwa wafanyabiashara wa korosho. Masika ya mwaka huo, bwawa likiwa linajazwa, maji hayakupanda kwenye mashamba yetu ya bondeni. Nilipofika nyumbani nilikuta ardhi kavu, nyeusi, tambarare, dakika kumi tu kutoka mtoni. Ilikuwa ardhi ya ukoo, haina wa kuuza wala kununua. Kiwanja cha juu, kwenye mchanga wa mikorosho, niliambiwa shilingi milioni mbili na nusu, na maji ya kisima kule ni mbali.

Mama hakutaka. Alinikalisha chini ya mwembe akaniambia, "Mwanangu, babu yako hakupandishwa juu kwa kupenda." Alikuwa anazungumzia ule uhamisho wa mwisho wa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, serikali ilipowatoa watu bondeni na kuwaweka kwenye vijiji vya miinuko. Tangu hapo desturi ya kwetu ni hii: nyumba juu, shamba chini. Wakati wa kilimo unashuka, unakaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, ili nguruwe na viboko wasikumalizie mpunga, na maji yakija yapite chini yako. Maji yakishaondoka unapanda mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko: mahindi na kunde kwenye tope jipya, bila mbolea wala mvua. Watu wa nje wanaliona dungu kuwa ni umaskini. Ni ujuzi wa watu waliokubaliana na mto wao.

Nikamjibu mama kwa maneno ambayo hadi leo yananiuma: "Mama, maneno yako nayaheshimu, lakini mto huo mimi nimeufunga kwa mikono yangu." Akanyamaza. Hakusema tena.

Nikajenga. Msingi wa mawe, bloku, vyumba vitatu na sebule, bati za geji 30. Bloku na saruji zilikula karibu milioni nne na nusu kwa sababu usafiri kutoka barabara kuu ni ghali. Bati na mbao milioni tatu. Mafundi milioni moja na laki tisa. Milango, madirisha na tanki la maji zikamaliza karibu zote zilizobaki. Kufikia Novemba 2023 nilikuwa nimehamia na mke wangu na watoto wawili. Mvua za vuli zile zilikuwa za El Niño, kubwa kupita kawaida. Niliziona nzuri. Nilifikiri: bwawa litajaa haraka, umeme utawahi. Kweli, Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaingizwa kwenye gridi, na nilitembea kijijini kama bwana harusi.

Mwezi Machi tulianza kusikia matangazo kwamba bwawa limekaribia kujaa na maji yanaruhusiwa kupita, watu wa bondeni wachukue tahadhari na kuhamia juu. Matangazo yalitoka redioni, yakatoka kwa mtendaji wa kijiji. Niliyasikia. Nilitoka nje nikaangalia mto, ukawa haujafika hata nusu ya kingo, nikarudi ndani. Hapa nataka niwe wazi kwa wenzangu mnaoishi chini ya bwawa lolote: mlango ukifunguliwa kule juu, maji hayafiki kwako saa ileile. Yanasafiri siku kadhaa, yanatanuka kwenye bonde, yanajaza maziwa ya pembeni kwanza. Kuuangalia mto wa leo hakukuambii lolote juu ya maji ya keshokutwa. Tangazo la kule juu ndilo jicho lako.

Aprili yalifika. Hayakuja kwa kishindo kama watu wanavyofikiri. Jioni yalikuwa kwenye shamba la ufuta la jirani, alfajiri yalikuwa kwenye kizingiti. Tuliamka kwa sababu kuku walikuwa wanalia juu ya paa la banda. Mke wangu alitoka na watoto kwa mtumbwi wa shemeji. Mimi nilibaki nikibeba magodoro kuyaweka juu ya kabati, mpaka maji yaliponifika kifuani na nikaona kitu kikipita polepole upande wa choo. Mamba hufuata maji popote yanapokwenda. Niliacha kila kitu nikapanda mwembe, nikachukuliwa saa nne asubuhi.

Nyumba ilikaa ndani ya maji wiki nyingi. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya nacho kikapiga pwani yetu, upepo na mvua juu ya watu waliokuwa tayari wamelala shuleni. Maji yalipopungua nilikuta kuta mbili zimelala na msingi upande wa mto umechimbuliwa. Mpunga wa mama, heka mbili, hakuna. Tulikuwa maelfu katika hali hiyo, Rufiji na Kibiti.

Kambini kulikuwa na ugomvi kila jioni. Wengine walisema bwawa ndilo limetuletea maji, wengine walisema bila bwawa yangekuja mapema zaidi na makubwa zaidi. Kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi kule, walinigeukia mimi. Ilinibidi nimpigie simu mmoja wa mafundi wa mitambo aliyekuwa bado kazini, na maelezo yake ndiyo ninayoyabeba hadi leo.

Bwawa la umeme linataka lijae. Nguvu ya mtambo inatokana na wingi wa maji na kimo yanachoangukia, hivyo kila mita ya maji inayopungua ziwani ni umeme unaopungua. Pale Rufiji, maji yakishuka chini ya mita 163 juu ya usawa wa bahari mitambo haifanyi kazi, na kimo cha juu kabisa ni mita 184. Bwawa la kuzuia mafuriko linataka kinyume chake: likae na nafasi tupu, likingoja mvua ya hatari. Ziwa moja haliwezi kuwa limejaa na liko tupu kwa wakati mmoja. Kwa mwaka wa kawaida bwawa litameza gharika, tutaona mto mtulivu. Ukija mwaka wa mvua zilizozidi, na ziwa likawa tayari limejaa, yanayoingia lazima yatoke kupitia utoro, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, la sivyo ukuta wenyewe utakuwa hatarini. Nami niliyefagia ule ukuta sitaki kufikiria siku hiyo.

Alipomaliza kunieleza ndipo nilipoelewa hasara yetu ilivyo. Mafuriko madogo na ya kati ndiyo yaliyokuwa yanatulisha: yanaleta tope, yanaunganisha mto na maziwa ya pembeni ili kambale na perege waingie kuzaliana, yanalowesha ardhi ya mlau. Hayo ndiyo bwawa linayazuia vizuri zaidi. Mafuriko makubwa yasiyokuja kila mwaka, yale ya kubeba nyumba, ndiyo ambayo haliwezi kuyazuia yote. Halafu tope linabaki ziwani. Maji yanayotoka ukutani ni meupe, hayana mzigo, na maji yasiyo na mzigo yanakula kingo. Kwa hiyo anayeona mto umetulia miaka mitatu, minne, akasogea kujenga karibu nao, anasogea kwenye hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo babu yake, maana babu alikumbushwa kila mwaka.

Bwawa silichukii. Umeme wa mgawo niliuishi, najua maana ya saluni na mashine ya kusaga kukaa giza mchana mzima, na mtambo wa tisa ulipokamilika Aprili 2025 nilifurahi kama mtu anayesikia mwanawe amefaulu. Ila natamani kila mradi wa namna hii uende na ramani ya wazi ya mafuriko iliyobandikwa kila ofisi ya kijiji, na watu waambiwe tangu siku ya jiwe la msingi kwamba nyumba zibaki juu. Serikali ilihimiza kuhamia kwenye miinuko baada ya 2024, na hilo ni jema. Kwangu lingefaa zaidi mwaka 2023 nilipokuwa nanunua bati.

Mkiwa mnataka kiwanja karibu na mto wowote wenye bwawa, tafuteni mtu wa miaka 60 na kuendelea mumuulize maji ya 1998 yalifika wapi, ya 2024 yalifika wapi, na mwende naye kwa miguu. Mistari ya tope kwenye ukuta wa shule na msikiti haidanganyi. Kiwanja kisicho na karatasi, hata kama ni cha ukoo, pelekeni kwa halmashauri ya kijiji kiandikwe, kwa sababu siku ya kuorodhesha walioathirika nilikuwa nasema kwa mdomo tu. Vyeti vya watoto, kadi ya NSSF, daftari la akiba, viwe kwenye mfuko mmoja wa nailoni unaoweza kubebwa na mtoto. Vyangu vilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati. Picha za karatasi za mshahara alizotunza mama kwenye simu yake ndizo pekee zilizobaki kuthibitisha kwamba niliwahi kufanya kazi.

Kiwanja cha juu nimenunua mwaka jana. Bei imekuwa milioni nne na laki mbili, kwa kuwa wote tunapanda huko. Nimejenga chumba kimoja cha tope na bati nilizookoa, kumi na nane kati ya sitini na nne. Bondeni nimerudisha dungu. Mama alikuja kuniangalia nikilifunga kamba, akasema nguzo ya upande wa mto niichimbie zaidi, nikaichimbia. Sikumwomba msamaha kwa maneno yale mpaka siku hiyo. Alinisikiliza, akaniambia niongeze mtambaapanya mmoja.

Mdogo wangu anataka kwenda Kigoma, kwenye mradi wa umeme wa Malagarasi. Ameshapewa namba ya mtu. Nimemkalisha usiku mbili, tumesoma mkataba mstari kwa mstari, ukurasa wa makato tumeusoma mara tatu. Chandarua atakitundika usiku wa kwanza. Karatasi za mshahara atamtumia mama.